Kiboko Aliyeivisha Halwa

Katika Bagamoyo nzima, miaka ile sukari ilipokuwa ikitoka kwa kibali, mtu aliyefanya kazi akiwa amefumba macho alikuwa mmoja tu, naye ni Muhanna bin Hamed, mpika halwa. Alikaa juu ya kigoda karibu na jiko, mikono imelazwa juu ya tumbo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mgeni asiyemjua angeapa kwamba mzee yule amelala. Hakulala. Alikuwa anapika.

Waliokoroga walikuwa wengine. Sufuria lilikuwa la shaba, lililotoka Maskati pamoja na babu yake, na kwa upana wake watoto wawili wangeweza kuoga ndani bila kugusana magoti. Lilikorogwa na watu wawili kwa kupokezana, kwa mwiko mrefu kama kafi. Mmoja aliitwa Mtoro, Mzaramo wa Zinga, mwembamba, mwenye sauti ya juu. Wa pili aliitwa Kombo, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mnene, mwenye sauti ya kutoka mtungini, ambaye babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka pwani na pembe begani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukacheka. Ruhusa hiyo hawa wawili hawakuiacha ioze. Walianza kugombana mwaka wa mafuriko, na miaka kumi na mitatu baadaye walikuwa bado wako kwenye utangulizi.

Ugomvi wao ndio uliokuwa saa ya Muhanna. Sukari na maji vilipoanza kuchemka, wao walikuwa wanaamkiana, kwa heshima zote, na sumu ndani yake.

"Hujambo, Kombo? Umelala na viatu tena?"

"Sijambo, Mtoro. Nililala navyo nisije nikavikuta Zinga."

Hapo Muhanna alijua shira imeshika. Aliinua kidole kimoja, na wanga ukamiminwa. Wanga ulipoanza kuwa mzito, wenyewe walikuwa wamefika kwa mababu: Mtoro akisema babu wa Kombo alibeba mzigo kutoka Tabora mpaka baharini akakosa akili ya kurudi, Kombo akijibu kwamba angerudi, ila babu wa Mtoro aliazima nauli yake asiirudishe. Mababu walipoisha, iliingia samli. Na samli ilipoanza kumeremeta pembeni mwa sufuria, aliingia kiboko.

Kiboko huyo alikuwa kiboko wa kweli. Mwaka wa mafuriko, mto ulipopanda juu ya mashamba ya Makurunge, Mtoro na Kombo walikwenda huko kutafuta samli, na mnyama akawatokea majini. Walikimbia wote wawili, hilo hawakulibishia. Lililobishaniwa ni nani alianza. Kila mmoja alishikilia kwamba yeye alimfuata mwenzake tu, kwa huruma, asije akapotea njia.

Baada ya kiboko viliingia iliki na kungumanga, na pamoja navyo viapo. Mwisho mmoja aliuacha mwiko ukasimama wenyewe katikati ya halwa, akasema, "Kuanzia leo mimi na wewe basi. Hata nikifa usije mazikoni." Na mwenzake akajibu, "Nije kumzika nani? Utakuwa umekwishakimbia." Muhanna alifumbua jicho moja akasema, "Epueni."

Halwa ilikuwa tayari, si kabla wala si baada. Iling'aa mpaka mtu angeweza kujinyolea ndevu kwa kujitazama ndani yake. Kesho yake walianza upya na hujambo.

Wala jambo hilo halikuanza na yeye. Marehemu baba yake alipikia ugomvi wa ndugu wawili waliogombea jogoo. Mmoja alipofariki jiko lilifungwa miezi mitatu, watu wakatumwa mpaka Pangani kusaka mgomvi wa kiwango kile.

Barua ilifika siku ya Ijumaa. Aliyeisoma ni mkewe, Bi Jokha, kwa sababu Muhanna alijua herufi za Kiarabu tu, na ofisi hazikumwandikia kwa hizo.

"Baba Miza, fumbua macho yote mawili," alisema Bi Jokha.

Sukari haitoshi, ilisema barua. Kila kiwanda kidogo kinachotumia sukari kitatembelewa kwa wiki moja na afisa wa kupunguza upotevu na kuongeza ufanisi kazini. Atakayeonekana anatumia vizuri atabaki na mgao wake. Atakayeonekana anapoteza, mgao wake utashuka. Kwa Muhanna, ungeshuka kutoka magunia sita kwa mwezi hadi mawili.

"Mawili," alisema Muhanna.

"Mawili. Yaani Vigwaza."

Hakuhitaji kuongeza neno. Kaka yake Bi Jokha aliuza mkaa Vigwaza, kando ya barabara ya Morogoro, na kwa miaka minane alikuwa amemwekea shemeji yake kiti kisicho na mgongo, ili siku halwa itakapomshinda aje akae hapo ahesabu viroba. Muhanna alikwisha kukijaribu mara moja. Kiti kile kiliyumba, na Vigwaza hapakuwa na harufu ya kitu chochote isipokuwa mkaa. Kwa magunia mawili asingeweza kuwaweka Mtoro na Kombo, na bila Mtoro na Kombo yeye alikuwa mzee mnene aliyefumba macho karibu na moto.

Afisa aliingia Jumatatu asubuhi na mapema. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Sadallah jina lake, mtoto wa watu wa Pangani, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama. Kwapani alikuwa na ubao wa kuandikia, na shingoni alining'iniza saa ya kubonyeza, ile wanayowapimia wakimbiaji.

"Shikamoo, mzee wangu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Jokha. "Kaa unywe chai."

"Ahsante, mama. Nitakunywa saa nne na robo."

Siku hiyo hakugusa kitu. Alisimama pembeni, akabonyeza, akaandika. Mtoro na Kombo walikoroga kama kawaida, na mgeni akaandika yote, kuanzia hujambo mpaka mazikoni. Muhanna, chini ya kofia, alisikia kalamu ikikwaruza, na kila ilipokwaruza alikiona kile kiti cha Vigwaza.

Jumanne Sadallah alisoma alichokiandika, na mwanzo haukuwa mbaya. Kuni, alisema, zimewekwa nyuma ya choo, na kila mzigo unatembezwa hatua sitini na nne, pamoja na kumzunguka mbuzi aliyefungwa katikati ya njia, mali ya jirani, Bi Bimdogo. Kwa siku moja Kombo ametembea kama mtu aliyekwenda Zinga kwa miguu, na hajafika.

"Miaka kumi na moja nasema juu ya kuni hizi," alisema Bi Jokha kwa upole, akimtazama mumewe.

Gunia la sukari nalo linafunguliwa sakafuni, na kinachomwagika kinachukuliwa na sisimizi. Sadallah aliwafuata sisimizi wale mpaka nje, akakuta msafara wao unavuka barabara, unapita nyuma ya soko, na wenyewe wamenenepa kiasi cha kuacha nyayo. Kabla ya adhuhuri kuni zilikuwa zimehamia karibu na jiko, mbuzi amepata kamba fupi, na gunia limepandishwa juu ya meza yenye miguu minne ndani ya makopo manne ya maji. Muhanna mwenyewe alikiri moyoni kwamba kijana ana akili. Aliona hata Vigwaza inasogea mbali kidogo.

Kisha Sadallah akageuza karatasi.

"Sasa tunakuja kwenye upotevu mkubwa kuliko wote. Mazungumzo."

Mtoro na Kombo walitazamana.

"Jana mwiko ulisimama mara arobaini na moja," aliendelea. "Mara kumi na tisa Ndugu Mtoro aliusimamisha ili anyooshe mkono na kuonyesha kimo cha kiboko. Mara kumi na mbili Ndugu Kombo aliusimamisha ili acheke kwa dharau. Watu wawili mnafanya kazi ya mtu mmoja na nusu. Kuanzia kesho anakoroga mmoja, mwingine anafunga vipeto kule uani, na hakuna kusemeshana. Kwa hesabu yangu halwa itaiva kwa saa moja na dakika thelathini na tano badala ya saa tatu. Kuni zitapungua nusu."

"Na nani atajua kama imeiva?" aliuliza Muhanna.

Sadallah aliinua saa. "Hii."

Muhanna atamwambiaje mtu wa ofisi kwamba yeye hupika kwa kiboko? Angeandika hilo kwenye ripoti, na ripoti ingesomwa kwa sauti mbele ya watu wazima. Alinyamaza. Ndilo kosa alilojilaumu nalo baadaye: mtu mzima, jiko lake mwenyewe, akaona haya kusema anavyofanya kazi.

Jumatano jiko lilinyamaza. Muhanna alikaa juu ya kigoda, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilala kweli. Aliamshwa na mlio wa saa. Walichokiepua kilikuwa cheusi kidogo kandokando na kilikataa kutoka sufuriani. Kilipopoa walikijaribu kwa kisu, kisu kikapinda. Fundi seremala wa mtaa wa pili alikuja na msumeno, akakata vipande vinne, akasema mti huu ameuona zamani lakini amesahau jina lake. Kipande kimoja kiliwekwa chini ya gurudumu la basi la Dar lililoharibika njiani, na basi likakaa juu yake usiku kucha bila kushuka hata nukta moja.

"Tumezidisha dakika," alisema Sadallah, akaandika.

Alhamisi alipunguza dakika. Safari hii halwa ilimiminika kwenye sinia na ikaendelea kumiminika, ikashuka mezani, ikapita chini ya mlango. Mbuzi wa Bi Bimdogo aliilamba kwa urefu wote wa kamba yake fupi, na jioni mwenyewe alikuja kuuliza kwa nini mnyama wake hafungui kinywa.

Nusu gunia Jumatano, nusu gunia Alhamisi. Katika stoo ilibaki nusu gunia ya mwisho, ya kupikia Jumamosi. Na halwa ya Jumamosi ilikwisha kuagizwa tangu mfungo sita na Bi Mwanamkasi, kwa harusi ya binti yake Mina, Jumapili alasiri, masinia kumi na nane. Bi Mwanamkasi alikuwa mtu wa namna hii: aliwahi kumrudisha imamu mlangoni kwa sababu alichelewa kwenye maulidi.

Ijumaa baada ya sala Muhanna alimwita Sadallah faraghani, akavuta pumzi, akamwambia yote. Hujambo ni shira. Mababu ni wanga. Kiboko ni samli. Alisema huku amefumba macho, kwa aibu.

Sadallah hakucheka. Alifungua karatasi za Jumatatu, akapitisha kidole kwenye safu ya dakika, akapandisha, akashusha.

"Mzee wangu," alisema, "kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Ungeniandika."

"Ningekuandika, ndiyo." Alikuna kichwa. "Basi kesho wagombane. Nawapa ruhusa rasmi."

Muhanna alilala vizuri usiku ule, kwa sababu hakujua kilichokuwa kinamngoja.

Jumamosi asubuhi Mtoro na Kombo waliingia wameshikana mikono. Mtoro alikuwa na kikapu cha mihogo kutoka shambani kwake.

"Ya ndugu yangu Kombo," alieleza. "Nimeona kwake kuna wageni."

"Huyu mtu ana moyo," alisema Kombo kwa ile sauti ya mtungini, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Siku tatu tumekaa kimya, Bwana Muhanna, nikapata nafasi ya kumfikiria. Sikumbuki alinikosea nini."

Muhanna aligeuka kutazama jiko. Sukari ilikuwa imekwishaingia sufuriani, moto unawaka, na hapo mlangoni Bi Mwanamkasi alikuwa amemtuma mtu na masinia kumi na nane matupu yaliyosuguliwa mpaka yanaumiza macho.

"Hujambo, ndugu yangu Mtoro?" alisema Kombo, akishika mwiko.

"Sijambo, ndugu yangu. Umelalaje?"

"Salama. Nawe?"

"Salama kabisa."

Ikaishia hapo. Sufuria lilichemka. Muhanna alitega sikio mpaka kofia ikahama, lakini shira haikumwambia kitu.

"Hivi, Mtoro," alisema, akijifanya amekumbuka ghafla, "Kombo alisema nini juzi juu ya babu yako?"

"Nilisema alikuwa mtu mwema," alidakia Kombo.

"Na wako pia," alisema Mtoro. "Kutoka Tabora kwa miguu, si mchezo. Hebu lete mwiko nikupokee, utachoka."

Bi Jokha aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia aliondoka, akarudi na sahani moja yenye samaki mmoja wa kukaanga, kichwa upande huu na mkia upande ule, akaiweka baina yao. Samaki mmoja kwa watu wawili amekwisha kuvunja ndoa kadhaa mjini pale. Mtoro akamega sehemu nono, akamwekea Kombo. Kombo akairudisha. Wakasukumiana minofu ile kwa adabu mpaka samaki akapoa, na Bi Jokha akachukua sahani yake akaenda zake.

Ndipo Sadallah aliposogea na karatasi zake. Alikuwa amevimba macho kwa kukosa usingizi; nusu gunia mbili zilikuwa zimemkaa shingoni pale saa ilipokuwa ikikaa.

"Ndugu zangu, labda niwakumbushe," alisema, akasoma kwa sauti ya ofisi. "Saa tatu na dakika saba. Ndugu Kombo alisema: kwenu Zinga mbio mnafundishwa kabla ya kutambaa. Saa tatu na dakika nane. Ndugu Mtoro alisema: na kwenu mnazaliwa mmegeuza visigino."

"Nilisema hivyo?" aliuliza Mtoro kwa masikitiko. "Nisamehe, Kombo."

"Yamekwisha, ndugu yangu."

Wanga uliingia kwa kubahatisha. Muhanna alianza kuhesabu viroba vya mkaa moyoni, ili azoee.

Sadallah alikuwa bado anatazama karatasi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona doa kwenye shati jeupe.

"Lakini hii haiwezekani," alisema, polepole, kama anayejisemea. "Ndugu Kombo, ulisema kiboko alitokea kwenye ngazi ya kisima."

"Ndiyo."

"Na Ndugu Mtoro, ulisema ulikuwa baina ya kisima na mnazi uliopinda, na Ndugu Kombo alikuwa nyuma yako, upande wa mnazi."

"Ndivyo."

"Na wote mlisema mlipofika barabarani mlikuwa sambamba." Alipiga magoti, akachora kwa mkaa sakafuni: kisima, mnazi, barabara, na duara lenye masikio. Aliandika tarakimu, akazifuta kwa kiganja, akaandika nyingine. Alikuwa amesahau kabisa alichokuja kukifanya. "Ndugu Mtoro ni mwembamba, tumpe mwendo mkubwa zaidi. Ndugu Kombo ni mnene, tumpe mdogo. Kama walifika pamoja, basi... ndiyo. Kwa hesabu hii Ndugu Kombo alitangulia kuondoka kwa sekunde nne."

Mwiko ulikuwa mkononi mwa Kombo, nao ulianza kwenda polepole.

"Usimlaumu afisa, ndugu yangu," alisema Mtoro kwa sauti laini mno. "Hesabu ni hesabu."

Na akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa, upande mmoja tu wa mdomo, lakini Kombo aliliona.

"Unachekea nini?"

"Sicheki."

"Meno hayo yametoka kupunga upepo?"

"Nimefurahi tu, Kombo. Miaka kumi na mitatu nasema, leo imesemwa na serikali."

"Serikali haikuwepo Makurunge," alisema Kombo, na mwiko ukaanza kuzunguka kwa kasi. "Nilikuwepo mimi na wewe na kiboko, na kiboko mwenyewe akiitwa atasema aliuona mgongo wa nani kwanza."

Muhanna alifumba macho. Aliinua kidole, na samli ikaingia.

"Angeuona mgongo wako," alisema Mtoro, "kwa kuwa ndio uliojaa bonde zima. Lete mwiko."

"Siuleti. Na wewe kijana, sekunde nne umezipata wapi? Ulipima mnazi? Mnazi ule ulikuwa umelala, si umepinda. Mtu anazunguka mnazi uliolala."

"Kama mnazi ulikuwa umelala," alisema Sadallah akisimama, magoti yake meusi kwa mkaa, "basi kwanza mngesema tangu Jumatatu. Pili, aliyezunguka ni Ndugu Mtoro, na sekunde nne zinakuwa mbili."

"Niuzunguke kwa nini? Niliuruka."

"Hukuuruka," alisema Kombo. "Ulipita chini."

"Mnazi uliolala nipite chini yake?"

"Ndiyo maana nakwambia hukuwa binadamu wa kawaida siku ile."

Sadallah alitaka kuonyesha jinsi mnazi ulivyolala, akakosa kijiti, akauchukua mwiko mkononi mwa Kombo, na kwa kuwa mwiko ulikuwa ndani ya halwa akajikuta anakoroga. Alikoroga huku anabisha, jasho linamtoka, pasi ya suruali imekufa kabisa. Muhanna alisikia sauti tatu badala ya mbili, na hilo lilimtia hofu mpya, kwa sababu saa yake ilikuwa na mishale miwili tu. Iliki iliingia. Kungumanga iliingia. Viapo vilikuwa vinatoka kila upande.

"Mimi na wewe basi," alinguruma Kombo. "Usinisemeshe tena."

Bi Jokha aliyekuwa ameshika vitambaa vya kuepulia alimtazama mumewe. Muhanna hakufumbua jicho. Alikuwa amesikia kwamba maneno yale yameelekezwa kwa afisa, na afisa ni mgeni. Hasira ya mgeni huiva haraka. Alingoja. Yule mtu wa masinia mlangoni naye alisimama.

"Umemfukuza afisa wa watu," alisema Mtoro, "kwa kuwa amesema kweli. Kumbe hata hesabu unaikimbia."

Kombo alivuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

"Mtoro. Mihogo yako ichukue. Kuanzia leo mimi na wewe basi, na mwanangu akioa kwenu simhudhurii."

"Hataoa kwetu. Kwetu wanataka mwanamume anayekaa."

"Epueni," alisema Muhanna.

Waliepua. Halwa ilianguka kwenye masinia kwa uzito wake, ikatulia, ikameta. Muhanna aliigusa kwa kidole, kidole kikatoka kikavu. Bi Mwanamkasi mwenyewe alikuja jioni, akafunua sinia la kwanza, akajitazama humo, akarekebisha ushungi, akaondoka bila kusema kitu. Kwa Bi Mwanamkasi hiyo ilikuwa hotuba ya sifa.

Sadallah alibaki amekaa sakafuni juu ya mchoro wake. Alipoikumbuka saa shingoni aliitazama: sifuri. Hakuwa ameibonyeza.

"Mzee wangu, imechukua muda gani?"

"Muda wake," alisema Muhanna.

Ripoti iliandikwa Jumapili, na Bi Jokha aliisoma kwa sauti kabla haijatiwa ndani ya bahasha, maana alikataa kabisa kuona bahasha inafungwa nyumbani kwake bila yeye kujua kilichomo. Kuni: zimesogezwa, hatua sitini na nne zimeokolewa kwa kila mzigo. Gunia: limepandishwa, sisimizi wamehama. Upotevu mkubwa uliotokea katika wiki ya ukaguzi: gunia moja zima la sukari. Aliyesababisha: Sadallah, afisa mkaguzi.

Bi Jokha alisita hapo, akamtazama kijana juu ya karatasi.

"Endelea tu, mama," alisema Sadallah.

Mazungumzo ya wafanyakazi, alisoma Bi Jokha: ni sehemu ya mtambo, yasiguswe. Mgao ubaki magunia sita.

Muhanna alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Kisha aliagiza kipande cha ile halwa ya Jumatano kipelekwe Vigwaza kwa shemeji yake, pamoja na salamu, akiwekee miguu minne awe na kiti kisichoyumba.

Sadallah alirudi Dar. Lakini mtu wa hesabu hawezi kuacha hesabu ambayo mnazi wake haujulikani kama umepinda au umelala. Mwezi wa pili bahasha ya kahawia ilifika, na ndani yake karatasi mbili za mchoro na mstari mmoja: nimefikiria upya, aliyeanza kukimbia ni Ndugu Mtoro. Mwezi wa nne ikaja nyingine: nilisahau upepo, ni Ndugu Kombo. Zilizofuata Muhanna alimkataza mkewe kuzifungua. Aliziweka kwenye kopo moja na zafarani, na asubuhi ambazo Mtoro na Kombo waliingia wakiwa na afya njema na wanaulizana habari za watoto, alinyoosha mkono koponi, akatoa bahasha moja, akampa Bi Jokha aisome kwa sauti, kisha akafumba macho.